Taa Aliyoitaja Duane

Kwenye treni za mizigo huku Nebraska, taa ya ishara kando ya reli haitazamwi kimya kimya. Anayeiona kwanza anaitaja kwa sauti, mwenzake anairudia. Hata kama mmenuniana tangu asubuhi, kwenye taa mtaitikiana kama wanakwaya.

Dereva wangu alikuwa Duane Vondracek. Mimi ndiye kondakta wake, tunakaa wote kwenye kichwa cha treni, na mdomo wangu haujui kupumzika, kwa hiyo kila taa nilikuwa naitaja mimi. Yeye anarudia taratibu, "Kijani, Leland." Nilidhani ni uvivu.

Siku hiyo nilikuwa nimebugia mkate wa matunda ya plamu wa mkewe, Arlene. Taa ikachomoza nyuma ya mahindi. Njano: punguza mwendo, taa ijayo huenda ukasimama. Nikatafuna haraka.

Duane akasubiri. Akanitazama. Mwishowe akasema, "Kijani."

Nikatema mkate. "Njano! Njano, Duane!"

Akakamata breki sijamaliza hata kusema. Na hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Duane anabishana hata na mvua.

Mabehewa yakasukumana kwa kishindo nyuma yetu, mwendo ukashuka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu theluji iyeyuke. Rangi zinanikimbia."

"Arlene anajua?"

"Anaona navaa soksi zisizofanana, anacheka."

"Soksi zako zilikuwa aibu tangu zamani, mzee."

"Funga mdomo, Leland."

"Si nimeufunga sasa hivi, ukaona kilichotokea?"

Akatabasamu, tabasamu likafia njiani. "Nivumilie mpaka Krismasi. Wewe unataja, mimi narudia. Mbona siku zote tunafika? Nikishuka humu, bwana, nitakuwa nani?"

"Na siku nikiwa na mkate mdomoni tena?"

Akarudisha macho kwenye reli.

Taa ya pili ikatokea. Mbele yake, mafundi wa reli walikuwa wameinama katikati ya njia, nyundo mikononi, wametugeuzia migongo. Duane alisimamisha treni mbali nao, taratibu kama kawaida yake. Kahawa yangu haikumwagika hata tone.

"Niambie ni nyekundu," akasema.

"Nyekundu, Duane."

"Nyekundu." Akakaa akiwatazama wale watu. Halafu akachukua redio mwenyewe, akaomba aletwe dereva mwingine, akasema na sababu. Sauti haikutetemeka.

Alipomaliza akanisogezea mkate uliobaki.

"Kula, bwana. Huna tena taa ya kunitajia."

Nikaushika tu.