Duara Chini ya Miguu ya Mdogo Wake

Mjaribu michezo alikufa tena kwenye skrini kabla chai yake haijapoa. Akabwaga pedi ya kuchezea mezani, akazungusha kiti kumtazama mchoraji.

"Dada, sijaona hata kilichoniua. Nimerusha umeme, wenzangu wamerusha barafu, skrini nzima inametameta, kumbe jitu limeshainua rungu. Nakufa kizembe."

Moshi, cheche na miali yote ya mchezo ule wa mapanga na uchawi ilikuwa kazi ya mchoraji, naye alijua mwenzake hamsingizii. Akapunguza mng'aro wa silaha za mchezaji, akaufanya moshi mwepesi, kisha akaweka sheria moja: rangi ya chungwa ni ya adui peke yake. Kabla ya pigo, duara la rangi hiyo litokee chini, pale pigo litakapotua, na lijae taratibu kutoka katikati. Likishajaa, pigo linashuka. Aliyewahi kutoka amepona.

Jumapili mchoraji alikwenda na mama yake kula kwa mdogo wake. Shemeji aliwapokea mlangoni kwa vicheko, akampokea mama mkoba, akavisifia viatu vya mchoraji, akaanza kisa cha bosi wake hadi mama akafuta machozi. Mtu wa watu. Sebule nzima ilijaa sauti yake.

Mdogo mtu akaingia na bakuli la mchuzi, tumbo la mimba likimtangulia. Mchuzi ukamwagika kidogo kwenye kitambaa cha meza. Shemeji aliendelea kusimulia, sauti ile ile. Sakafuni, chini ya miguu ya mkewe, duara la rangi ya chungwa likatokea, likaanza kujaa.

Mchoraji aliitambua kazi yake, hata ule ukingo uliomsumbua kuusawazisha. Akapaza sauti.

"Toka hapo!"

Mdogo wake alikuwa ameshaliona. Akasogea kando, bakuli mkononi. Mkono wa shemeji ukapita hewani, ukagonga kabati, vikombe vikalia. Shemeji akavipuliza vidole vyake, akamalizia kisa. Mama akacheka palipostahili kuchekwa.

Jikoni, mchoraji alifunga mlango.

"Tangu lini?"

"Duara? Juzi juzi tu."

"Nauliza mkono."

Mdogo wake aliendelea kusuuza sahani. "Tangu aliponioa. Kwani wewe ulikuwa unaona nini, dada?"

Mchoraji alikuwa akiona zawadi, mizaha, picha za wawili hao wakiwa wamekumbatiana. Akashika ukingo wa sinki.

"Chukua nguo zako. Twende kwangu."

Mama aliingia na glasi chafu. "Aende wapi na hali hiyo? Zamani ndiyo ilikuwa taabu, mapigo yalikuwa yakimfikia ghafla. Sasa anaonyeshwa mapema. Awe mwepesi wa miguu tu."

Mdogo mtu akaipokea ile glasi. Akafungua bomba zaidi.

Mchoraji akarudi sebuleni, akasimama mbele ya shemeji.

"Ulitaka kumpiga mdogo wangu."

"Shemeji, si nimegonga kabati?" Akamwonyesha vidole vilivyovimba. Mama akaagiza barafu iletwe.

Baadaye tumbo lilikua, hatua zikawa nzito, na maduara yakawa yanajaa upesi zaidi. Mchoraji alipiga simu kila jioni. Mdogo wake alijibu kwamba atakuja, akimaliza kufua. Mjomba aliitwa, wakakaa kikao. Ikaonekana kwamba vigae vya sebule vina wekundu, rangi ya duara haijitokezi vizuri, hasa taa zikiwashwa. Wakakubaliana litandikwe zulia jeupe. Shemeji ndiye aliyelibeba begani kutoka dukani, na majirani wakampongeza kwa kumjali mkewe.

Siku lilipotandikwa walikula wote sebuleni, sahani mapajani. Mdogo mtu alikuwa akigawa maji. Mumewe akauliza, kwa upole, chumvi iko wapi.

Duara lilionekana waziwazi, kubwa kuliko yote, likafika hadi kwenye makochi. Mdogo mtu akashika kiuno, akageuka kutafuta pa kupita. Mama akainua miguu kumpisha. Mjomba akainua yake, huku akitafuna. Mchoraji naye akainua yake.