Koilova za Safari ya Posa

Mchagua jembe si mkulima, na Bonheur alimaliza majira mazima ya baridi akichagua jembe. Gari lake, Honda Civic ya kijivu yenye umri wa kutosha kupiga kura, lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba za kupanga za Highview, kusini mwa Louisville, Marekani, na hakuweza kulitazama bila kuumia. Lilikuwa limeinuka mno juu ya tairi zake, naye alitaka lilale chini. Sandrine, binti aliyetaka kumuoa, aliliona mara moja kwenye picha ya simu akasema linafanana na gari la kupelekea mama zetu kwa daktari wa macho. Posa ilikuwa imepangwa mwezi wa nne, mwaka 2015, kwa wazazi wake huko Buffalo. Bonheur aliapa kwamba hatasimama mbele ya baba mkwe na gari la daktari wa macho.

Njia zilikuwa mbili. Kulikuwa na springi fupi za dukani, zinazofungwa na shokapu zilezile. Gari linashuka, na habari inaishia hapo. Na kulikuwa na koilova za bei nafuu, yaani springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, zenye pete ya kuzungusha kwa spana. Ukizungusha huku gari linapanda, ukizungusha kule linashuka.

Gitonga, Mkenya aliyewahi kubeba naye makatoni ghalani kabla ya kupata shahada na kiti cha ofisini, alikuwa upande wa springi.

"Buda, hizo cheap coilovers zitakusumbua," alimwambia. "Zinapiga kelele, zinaruka, na road salt ya winter ikizipata hizo rings zinashika kabisa. Chukua springs, maliza."

"Na nikichoka nazo?"

"Utachokaje? Ni springs, si bibi."

"Bon, mi nataka ile ya kupanda na kushuka," alisema Bonheur. Alikuwa ameshindwa kuchagua urefu, kwa hiyo akachagua kitu ambacho hakimlazimishi kuchagua.

Alizifunga mwenyewe, Jumamosi moja, mbele ya majirani waliokuwa na ushauri mwingi na mikono mifukoni. Alitoa kwenye buti sare za kwaya, mwavuli wa mchungaji na kiti cha mtoto wa watu. Akazungusha pete mpaka kidole hakikupita tena kati ya tairi na madigadi, kisha akauzunguka mtaa peke yake, taratibu, dirisha wazi. Gari lilipita vizuri mno. Hapo ndipo alipokosea. Gari la Mkongo kama yeye huwa tupu siku moja tu, siku ya kununuliwa, na hata siku hiyo kuna mtu anaomba lifti. Bonheur alijua hivyo tangu siku ya kwanza aliyoshika usukani, na bado alipima gari lake kama mtu asiye na ndugu.

Ndugu walikuwa Columbus, njiani kwenda Buffalo, na siku ya safari alipita kuwachukua. Baba yake mdogo, Bagula, ndiye msemaji wa posa, na alimngoja mbele ya duka la vyakula vya Kiafrika barabara ya Morse, amevaa suti. Kando yake alisimama mkewe, Adolphine, na mama wawili wa kanisa. Kando ya hao kulikuwa na mifuko ya unga wa fufu, samaki wakavu, vitenge, katoni za juisi, na sanduku la barafu lenye mbuzi mzima aliyekatwakatwa. Kwa ukoo wao, mali ya posa haifuati nyuma kwa gari jingine. Watu na mali huingia pamoja, la sivyo hamkuja.

Adolphine alilizunguka gari.

"Bonheur, hii motokari iko mugonjwa?"

"Hapana, mama mudogo. Ni style."

"Donc style yake ni kulala chini."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Adolphine hakutaka kitu cha mvunguni, alitaka kiti. Aliingia kwa kurudi nyuma, akivutwa na wenzake. Mizigo ikafuata. Gari likashuka, likashuka tena, na walipojaribu kutoka pale tairi za nyuma zikalia kwenye madigadi, egzosi ikasugua lami, na abiria wa basi la mji wakageuka wote kutazama.

"Simama," alisema Bagula. Hakupandisha sauti. "Sikia, mutoto. Kwa Papa Bisimwa, baba mukwe yako, bakikukubali habatakuacha urudie mikono tupu. Batajaza motokari. Bakikukatala, unapewa chai na kwaheri. Hii yako itabeba nini?"

Bonheur akatoa jeki na spana. Mama wa kanisa walikaa juu ya mifuko ya fufu wakimwangalia, wakimwombea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alipandisha nyuma mpaka pete zikagoma. Mbele hakugusa, kwa sababu muda ulikuwa umekwenda na fahari yake ilikuwa haijaisha yote. Walipopakia upya, gari lilisimama sawasawa. Kwa springi za Gitonga wangelala Columbus, na Bonheur angependa kushangilia, ila koilova zilikuwa ngumu. Kila shimo la barabarani liliwafikia wote uti wa mgongo, na Adolphine alimtajia Mungu kila moja.

Buffalo walipokelewa vizuri, kwa heshima zote, na hilo halikumtuliza Bonheur. Vijana wa nyumba walishusha mizigo mpaka kitenge cha mwisho. Bagula aliongea kwa uzuri. Papa Bisimwa, baba yake Sandrine, alisikiliza mikono ikiwa magotini, akasema amesikia. Kisha chai ikaletwa.

Bonheur aliitazama chai, na moyo ukamshuka chini kuliko gari lake. Akageuza macho dirishani, akaona jambo la pili. Civic, sasa tupu, ilikuwa imeinua nyuma juu na kuinamisha pua barabarani kama mbuzi anayekunywa maji. Sandrine naye alikuwa ameiona. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Aibu ilimshika Bonheur mwili mzima. Aliomba ruhusa, akatoka, akapiga magoti nyuma ya gari na spana yake. Angalau aondoke na gari lililosimama kama gari.

Nyuma yake alisikia kandambili. Papa Bisimwa alikuwa amemfuata, koti begani, kikombe mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nashusha nyuma, papa. Nilipandisha sababu ya mizigo. Sasa mizigo imeisha."

Mzee alilikagua gari, kuanzia pua mpaka mkia, bila kucheka. Akapuliza chai yake, akanywa.

"Nani alikuambia imeisha?" alisema. "Acha vile iko."

Bonheur alibaki magotini kwenye chumvi ya barabarani iliyobaki baada ya theluji, spana mkononi, akilia. Papa Bisimwa akageuka upande wa pili, akaanza kukagua tairi ambayo haikuwa na tatizo lolote.