Gurudumu Lenye Vipenyo Viwili

Ravelo, fundi wa magurudumu, alilisukuma gurudumu la mbao taratibu juu ya ukanda wa chuma uliolazwa uani, macho kwenye alama ya chaki iliyochorwa ukingoni mwake. Alama ilipanda, ikapita juu, ikashuka upande wa pili hadi ikagusa chuma tena.

"Hapo hapo!" Ndriana, mhunzi, kaka wa mke wa Ravelo, akakikwaruza chuma kwa msumari. Akaokota nyundo na tindo. "Toa upana wa kidole kimoja, ili pete ikipoa iibane mbao, tukate. Moto wangu unakula kuni bure."

"Subiri kidogo, shemeji."

"Nimezeeka nikikusubiri."

Mzee Rainimboa, mwenye gari la ng'ombe lililongoja gurudumu hilo, hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ukutani, shuka begani, akitazama mawingu yaliyorundikana juu ya milima ya Ambalavao. Mpunga wake wote ulikuwa umekatwa, umelala shambani. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na kwao ni mwiko kugusa shamba la mpunga siku hiyo. Usipobebwa leo, ni hadi Ijumaa.

Na chuma kilikuwa hicho kimoja. Kikikatwa kifupi, pete ingevunja mbao. Kikikatwa kirefu, ingechomoka njiani kwenye mawe. Kupata kingine ni mpaka mjini Fianarantsoa.

Ravelo alipitisha kamba juu ya kitovu, toka ukingo hadi ukingo. Urefu huo akaulaza juu ya chuma mara tatu, akaongeza sehemu yake moja ya saba, hesabu ya mafundi ya kupata ukingo wa duara. Kamba ikaishia vidole vitatu nyuma ya mkwaruzo wa msumari.

"Kamba yako imelewa," alisema Ndriana.

Ravelo alirudia. Vidole vitatu vilevile. Alisimama akiwaza, kisha akaigeuza kamba, akaivuta kwenye spoki zilizokuwa zikielekea upande mwingine. Haikufika. Ilipungua vidole viwili.

"Hili si duara," alisema polepole. "Limekuwa yai. Tuliliegemeza kwenye ukuta wa tanuri lako, limekauka upande mmoja."

"Sasa tanuri langu limekosa nini? Na alama yangu iko palepale. Umeuzungusha mwenyewe ukingo mzima, uwe wa yai au wa chungu."

"Kweli, ukingo tumeupima sawa. Lakini pete ikivaa yai itabana huku, ilegee kule. Lazima nilichonge kwanza. Nikilichonga, ukingo utapungua, na alama yako itakuwa mbali mno."

"Utapungua kiasi gani?" aliuliza Rainimboa.

"Sijui, mzee. Nitajua nikishalichonga."

"Kata hivyo hivyo. Lichechemee. Safari ya leo tu."

Ndriana aliweka tindo juu ya alama, akainua nyundo. Hakupiga. Alimtazama Ravelo. "Haya, fundi?"

Radi ilinguruma mbali. Ravelo alimgeukia Rainimboa.

"Ile njia ya bondeni unaijua, mzee. Pete ikichomoka pale, mzigo unawaburuta ng'ombe wote wawili. Chuma ni chako. Ukisema tena kata, anakata."

Rainimboa aliyatazama mawingu tena. Mzee akasimama, akajifunga shuka kiunoni.

"Nani ana mikeka ya kufunikia mpunga?"

Ndriana akashusha nyundo, akapumua. "Dada yangu anayo ndani. Twende nikusaidie kuufunika. Moto nimeshaupoteza, na mgongo nao uende."

Wakaondoka mbio, mikeka kichwani.

Ravelo alipigilia msumari katikati ya kitovu, akafunga kamba, akachora duara juu ya mbao kwa ncha ya kisu. Upande mrefu ulitokeza nje ya mstari. Akashika tezo, akaanza kupunguza, maganda membamba membamba, akisimama kila mara kuvuta kamba tena.

Matone ya kwanza yalipoanguka aliliingiza gurudumu ndani, akaendelea karibu na mlango hadi giza likaingia, akawa haoni tena mstari. Alipapasa kwa kidole gumba. Bado palitokeza. Akalilaza bapa sakafuni, mbali na ukuta lisije likapinda tena, amalizie asubuhi, akaketi kando yake akisikiliza mvua ikiongezeka.