Nyumbu Alikula Kwa Mama Léocadie

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga pasi sketi ya shule kwenye korido, maana plagi inayofanya kazi ni moja tu nyumba nzima, nikasikia kwato getini. Usiku mvua ilinyesha sana, kwa hiyo wote tulijua mfereji wa Bez Valley umejaa na leo kuna chumba kitaondoka. Mwenye nyumba wetu hafukuzi mtu. Karatasi yako ya ukimbizi ikiisha, analeta nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na chumba chako kinavutwa kwa kamba mpaka majini na kupelekwa mbali, wewe ukiwa ndani.

Leo ilikuwa zamu ya Mama Léocadie, fundi cherehani kutoka Bukavu, na binti yake Bijou. Darasani mimi naongea na Bijou tu.

Nyumbu alikuwa na kidonda begani, pale kamba inapokaa. Salum, Mtanzania anayemwongoza, alisimama naye mlangoni anapiga miayo.

"Mama, mimi kazi yangu kushika kamba tu. Usinichukie."

"Nitakuchukia saa ngapi? Ingia, mutakula."

Korido nzima ikapiga kelele. Nyumbu huyu anavuta kadiri alivyokula. Mwaka jana mzee Octave alimnyima hata ganda la ndizi, nyumbu akagoma pale Bruma tu, mtaa wa jirani. Mpaka leo Octave anaishi hapo, ndani ya chumba chake kando ya maji, na Jumapili anakuja kanisani kwa miguu.

"Mnyime, dada yangu," mama yangu alisema. "Mtakuwa karibu."

"Mugeni akifika kwa mulango yangu anakula. Kwetu hatuulizi kwanza amekuya kufanya nini."

"Basi mpe kidogo!"

"Kidogo ni matusi."

Akasonga bukari, ugali wa kwao, sufuria kubwa, akapasha na sombe ya jana, yale majani ya muhogo. Salum alikula kwa adabu. Nyumbu alimaliza sufuria, akalamba na mwiko. Bijou alikuwa ameshavaa yunifomu, anaitazama ile sufuria ikiisha.

Tukakisukuma chumba wote. Ukuta wa bodi uliachia kirahisi tu, kama jino la mtoto. Kwenye robot, taa za barabarani, ikawa nyekundu, tukasubiri. Majini chumba kilielea vizuri, cherehani inaonekana dirishani. Nyumbu akashika njia ya ukingoni, kamba ikakaza.

"Mama Léo, hata ndege hujapanda, leo unapanda meli!" jirani mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe.

Bruma nyumbu hakusimama. Dereva mmoja wa teksi aliyewaona mbali kule Alexandra alisema nyumbu anatembea kama ndiyo kwanza ameamka.

Tuliporudi nyumbani, mwangalizi wa nyumba alikuwa anachora kwa chaki pale palipobaki wazi. Vyumba viwili. Watu wanaotafuta chumba walikuwa wameshapanga mstari. Mama yangu aliuliza kama kimoja kitakuwa na dirisha. Karatasi yetu inaisha mwezi wa tisa.

Jioni nilikaa kwenye ngazi nikamtumia Bijou ujumbe: "Mwambie Salum asimpe nyumbu maji. Labda atachoka."

Simu ilisema ujumbe umefika. Hajajibu.