Kiungo Kilichotoka kwa Baba

Mzee Kwaku Brenya alikuwa bado kwenye friji ya hospitali, akiisubiri Jumamosi yake ya kuzikwa, nilipomwona mtoto wa saba kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa natengeneza tovuti ya mazishi yake. Siku hizi hapa Kumasi familia inayojiheshimu haiziki kwa mabango ya ukutani peke yake. Lazima pawe na ukurasa ambao jamaa walioko ng'ambo wataufungua na kulia. Kwenye mfumo wangu nina mikusanyiko mitatu: Marehemu, Watoto na Picha. Kila mtoto ana ukurasa wake, nami naufunga kwa ukurasa wa baba. Uzuri wa kiungo kile ni kwamba kina ncha mbili. Ukishamfunga mtoto kwa baba, baba naye anamwonyesha mtoto bila kuambiwa.

Niliandika watoto sita, kama alivyonitajia Opanyin Gyimah, mdogo wa marehemu na mkuu wa ukoo. Nikawafunga mmoja mmoja. Nilipofungua ukurasa wa baba nikakuta saba.

Yule wa saba hakuwa na sura wala jina kamili. Palikuwa na neno moja tu: Yaa. Hilo ni jina la siku, linalomngoja kila msichana anayezaliwa Alhamisi kabla baba hajampa lake.

"Fiifi!" nikaita. Tunagawana ofisi, yeye Mfante, mimi Mwasante, na ugomvi wetu haujawahi kuisha. "Acha utoto. Mtoe huyu mtu wako."

"Mtu gani?" Alikuwa anakula donge la kenkey ya mahindi na samaki, vidole vimelowa pilipili. "Pokuaa, mimi hata nenosiri lako silijui. Nyie Waasante kazi ikiwashinda mnatafuta Mfante wa kumsingizia."

Nikamfuta Yaa. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, nikajibu ninayo. Nikatoka kununua maji. Kurudi, Yaa yuko palepale, na safari hii amefungwa na picha.

Picha yenyewe niliijua, nilipewa na familia pamoja na nyingine. Mzee Brenya kijana na mkewe Achiaa wameketi mbele ya nyumba, nguo nyeupe za sherehe, na mezani bakuli la supu ya karanga. Nilikuwa nimeiandikia "Harusi". Sasa nikaitazama vizuri. Walikuwa wanatabasamu kama watu walioamriwa kutabasamu. Na Achiaa, chini ya ile nguo nyeupe, alikuwa amefungwa kifua kwa kitambaa kilichokazwa mpaka mabega yamepanda juu.

Opanyin Gyimah alikuja mwenyewe kukagua kabla ya mabango kuchapwa.

"Binti, nilikupa watoto wangapi?"

"Sita, Opanyin."

"Na hapa naona nini? Macho yangu mabovu, lakini hayajafikia huko."

"Namfuta, anarudi."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake alivuta kiti akaketi, na hapo ndipo nikaogopa.

"Huyo hakufika siku nane," akasema kwa sauti ya chini. "Asiyefika siku nane si mtoto. Ni mgeni aliyechungulia mlangoni akaenda zake. Haliliwi, hahesabiwi, hapewi jina. Ukimhesabu unampa njia, na akipata njia ataitumia. Mfute."

"Na akirudi tena?"

"Mfute tena. Watoto sita ndio walionunua jeneza, na ndio watakaosimama kaburini. Ndugu yangu nitamzika na hao."

Nikamfuta mbele ya macho yake. Akashukuru, akaondoka akikanyaga polepole. Hata hajafika chini ya ngazi, Yaa alikuwa amerudi.

Mfumo huandika kila badiliko lilitoka ukurasa gani na nani alilifanya. Muda wote nilikuwa nachunguza ukurasa wa Yaa. Sasa nikafungua wa baba. Kumbe kila mara kiungo kilikuwa kinafungwa kutoka huko. Mimi nakata upande wa mtoto, baba anafunga upande wake. Na mahali ambapo lingesomeka jina langu au la Fiifi, palikuwa patupu.

Nilisikia ubaridi mgongoni, kama mtu amefungua friji nyuma yangu. Fiifi alisogea akasoma, akaacha kutafuna.

"Dada," akasema, "huu si utani wangu. Naapa kwa mama."

Nikaenda kwa mjane. Eno Achiaa alikuwa ameketi mkekani katika nguo zake nyeusi, wanawake wakimpepea. Nikamwonyesha picha.

"Eno, hii ni harusi yenu?"

Aliwaambia wanawake watupishe.

"Harusi ipi, mwanangu? Nilimzaa Alhamisi. Jumatatu akaondoka. Mama mkwe akatuvika nyeupe, akapika supu ya karanga, akasema kuleni mfurahi, huyo mgeni asije akaona machozi akapenda kurudi kututesa. Mpiga picha alikuwa anapita na baiskeli yake, mama mkwe akamwita." Akagusa kifua chake mwenyewe pale kwenye picha. "Maziwa yalikuwa yanamwagika, ndiyo maana nimefungwa hivi. Lile bakuli nililimaliza. Tangu siku ile supu ya karanga haijapita hapa kooni."

"Na mzee?"

"Hakuwahi kumtaja. Mpaka juzi, kwenye kitanda cha mauti, ananiuliza: Achiaa, nikifika kule nitamwitaje?"

Nikaufungua ukurasa wa Yaa kwenye simu.

"Basi nitajie jina, Eno, niliandike sasa hivi."

Akacheka, kicheko kikavu. "Wewe umelelewa wapi? Mama hampi mtoto jina. Kutoa jina ni kazi ya baba. Mwachie nafasi tu. Lakini ni kabla mzee hajafunikwa udongo. Akishafunikwa, basi."

"Opanyin ameniamuru nimfute."

"Kidole ni cha Opanyin au ni chako?"

Ijumaa Opanyin alipiga simu. Nikamwambia ukweli: sijamfuta, na sitamfuta. Akakata bila kuaga. Mabango yalikwisha kuchapwa, yana sita.

Jumamosi makaburini vumbi la harmattan, upepo wa jangwani, lilikuwa limelifanya jua liwe jeupe kama sahani. Watu walijaa, nguo nyeusi na nyekundu tupu. Nilisimama nyuma, ukurasa wa Yaa umefunguka kwenye simu yangu, nafasi ya jina iko wazi. Watoto sita walipangwa kando ya shimo kwa kufuatana walivyozaliwa. Kati ya kifungua mimba na wa pili palikuwa na pengo la mtu mmoja. Msimamizi aliwaambia wasogeleane, wakasogea. Nilipotazama tena, pengo lilikuwa pale pale.

Jeneza likaanza kushuka. Kwenye ile nafasi ikatokea herufi.

Simu ikatetemeka. Fiifi, yuko ofisini.

"Pokuaa, uko ndani ya mfumo?"

"Niko makaburini."

"Sasa nani anaandika?"

Nikaurudia ukurasa wa Yaa. Herufi zilikuja polepole, kama za mtu mwenye mkono uliokufa ganzi. Moja ilifutika, ikaandikwa upya. Nyarkoa. Yaa Nyarkoa. Udongo wa kwanza ulipogonga ubao, maandishi yakatulia.

Nikapenya katikati ya watu nikamkabidhi Opanyin Gyimah simu. Aliishika mbali na uso wake, akasoma, midomo ikicheza.

"Nyarkoa ni mama yetu," akasema. "Mama ndiye aliyepika ile supu."

Akawatazama watoto, akaliona pengo. Akamwita mtangazaji akamwambia la kutangaza, naye akasita, akamtaka arudie. Opanyin akarudia kwa ukali. Kipaza sauti kikatangaza: marehemu ameacha mjane na watoto saba. Watu wakaguna. Eno Achiaa akaangua kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri wake. Kilikuwa cha mwanamke mbichi aliyetoka kujifungua.

Jioni, kwenye mahema ya matanga, Eno aliomba supu ya karanga. Wakwe zake walitazamana, wakamletea. Alikula mpaka mwisho.

Jumatatu nilifungua mfumo ili nirekebishe ile picha, maana nilikuwa bado nimeiacha na kosa langu la "Harusi". Nikakuta imekwisha kurekebishwa. Chini yake pameandikwa: "Baba na mama."

Nikatazama badiliko limetoka wapi. Kwa baba palikuwa kimya tangu Jumamosi. Hili lilikuwa limetoka upande wa mtoto.