Sentensi ya Pili ya Mama Tong

Jumamosi saa nane mchana, mjini Taipei, Kuo Pi-yun alikuwa akikata majani ya vitunguu ya kutia kwenye supu ya tambi. Binti yake, Yi-ting, alikuwa mezani akicheza mchezo wa kompyuta uliomzidi umri kwa miezi minne. Mchezo uliitwa Mlima wa Panga Tisa: mashujaa wanaoruka juu ya mawingu, mazimwi ya mbweha, dawa za kufufua wafu. Kizazi kizima kiliulilia. Sasa kampuni ilikuwa imeurudisha sokoni, picha zimeng'arishwa, kuadhimisha miaka thelathini.

Aliyeuandika ni Pi-yun. Maneno yote, kuanzia salamu ya mlinda lango hadi kiapo cha mwisho. Mimba ya Yi-ting ilipoanza kuonekana, Mkurugenzi Fang alimwambia aende nyumbani akapumzike, na mchezo ulipotoka, jina lake halikuwamo katika orodha ya waliouunda. La Fang lilikuwamo mara nne, mojawapo kama mpiga filimbi. Fang hajui kupiga hata mluzi.

"Mama, huyu mwenye nyumba ya wageni kafanana na bibi," Yi-ting alisema.

"Ndiye bibi. Mchoraji nilimpa picha yake."

Mchezoni aliitwa Mama Tong. Alisimama mlangoni na birika, akimwambia kila msafiri sentensi moja: "Chai ipo, mgeni, njia ndiyo hakuna." Mama yake Pi-yun, aliyeuza chai kando ya barabara ya milimani, ndivyo alivyowaambia abiria kila maporomoko yalipofunga njia. Siku hizi sentensi hiyo inachapwa kwenye fulana na vikombe.

Safari hii Mama Tong hakuisema. Alitazama nje ya kioo cha kompyuta, akaweka birika chini, akatoka akitanguliza mguu wa kushoto. Alikuwa na kimo cha mtu wa kawaida, ila mabegani alikuwa na vimraba vimraba, kama kitambaa kilichodariziwa.

"Vua viatu," Pi-yun alimwambia.

Akavua, akavuta kiti. "Miaka thelathini nasema sentensi moja. Ungeniandikia na ya pili, ungepungukiwa na nini?"

"Nilifukuzwa kabla sijaifikia."

"Na nani?"

"Fang."

"Yule anayejiita baba yetu?" Mama Tong alicheka kwa pua. "Baba yangu simjui, hukumwandika. Lakini si yule."

Yi-ting alileta bakuli la tatu.

Ijumaa iliyofuata walikwenda wote watatu kwenye sherehe ya kampuni. Fang alipanda jukwaani amevaa kanzu ya hariri kama shujaa wa panga, tumbo limetangulia, akasema sentensi ile ya chai aliachiwa na nyanya yake akiwa kitandani anakata roho. Alifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Watu walifuta yao, yaliyokuwa nayo.

Mama Tong alipanda jukwaani bila kualikwa.

"Sentensi ni yangu," alisema. "Na aliyeniandika ni yule pale mwenye koti la kijivu. Simama, binti."

Pi-yun alisimama. Kwa miaka thelathini alikuwa ameandaa hotuba ya siku hiyo, lakini kinywani mlitoka maneno matatu tu. "Naitwa Kuo Pi-yun."

Ukumbi ulipiga makofi. Fang alipiga kuliko wote.

"Mnaona?" alisema. "Wahusika wangu wako hai mpaka wananibishia."

Baadaye, nyuma ya jukwaa, wakili wa kampuni alileta mkataba wa zamani wenye sahihi ya Pi-yun. Ulisema kwamba vyote vilivyomo mchezoni, pamoja na vitakavyotoka humo, ni mali ya kampuni. Mama Tong aliusoma mara mbili.

"Na huu umeuandika wewe?"

"Hapana."

"Nilijua. Hauna hata neno moja tamu."

Pi-yun alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa mama yake, hadi kovu la moto kwenye kidole gumba.

"Usinililie. Mimi si mama yako."

"Najua."

"Basi niandikie ile ya pili kabla sijaenda."

Pi-yun alimnong'oneza sikioni. Mama Tong alitikisa kichwa kuikubali, akaondoka na wakili.

Sasa humimina chai kwenye ukumbi wa mapokezi wa kampuni, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, bila siku ya mapumziko. Humwambia kila mgeni: "Chai ipo. Mwulize Fang nyanya yake aliitwa nani." Wageni hucheka na kumrekodi. Hazikupita wiki mbili, sentensi hiyo nayo ikawa kwenye fulana, chini yake sahihi ya Fang.

Kijana mmoja alikuja ameivaa kwenye duka la miwani ambako Pi-yun anafanya kazi.

"Unaujua mchezo huu, shangazi?" aliuliza, akivuta fulana ili isomeke. "Mtu anajikejeli mwenyewe namna hii. Ni Fang peke yake anayeweza kuandika kitu kama hiki."

Pi-yun alimwekea lenzi mpya, akamwuliza kama sasa anaona vizuri.

Alisema anaona vizuri sana.