Wimbo wa Placide Mbele ya Mashini

Jumanne, tarehe 14 Mei 1957. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya alfajiri, na kulipokucha ukungu ulifunika Kasongo hata msalaba wa kanisa haukuonekana. Nilitoka misa ya kwanza na gitaa mgongoni, nikaenda kwenye nyumba ya mikutano. Mzungu mmoja kutoka Bukavu alikuwa ameweka humo mashini ya kukamata sauti, akitafuta nyimbo za watu wa mashambani ili zitiwe kwenye sahani za gramafoni.

Karani wake, François, alikuwa ameniambia mapema: "Octave, weye unaingiza wimbo moja tu. Ule wa marehemu."

Marehemu huyo alikuwa Placide, mdogo wangu. Mwaka 1954 dereva wa lori alituletea habari kwamba udongo umemfukia kwenye mgodi wa bati, kule kaskazini. Walimtambua kwa buku yake ya kazi, kitabu chenye jina lake, waliyoikuta mfukoni. Mwili haukurudi. Tulikaa matanga bila maiti, na siku ya tatu nikaimba:

*Placide e, njia ya Kabambare inaniuliza habari yako,*
*nami sina jibu la kuipa.*

Kabla ya hapo nilikuwa nimeimba miaka minne, nikizunguka na baiskeli kutoka Kasongo hadi Kabambare. Niliimba juu ya pamba, juu ya wapenzi, juu ya kapita, msimamizi wa shamba, mwenye tumbo kubwa. Watu walicheka, wakasahau. Wimbo wa Placide hawakuusahau. Kila kijiji kilichofiwa kiliniita. Lakini kwenye harusi sikuitwa tena. Akina mama walinizuia mlangoni kwa upole: "Baba Octave, leo tuko na bibi-arusi. Upite siku ingine." Mado, niliyetaka kumwoa, alisema hawezi kuishi na mtu anayerudi kila wiki na vumbi la matanga kwenye nguo. Sikumlaumu. Nililala katika nyumba za watu wanaolia, asubuhi nikaondoka, na njiani nilisali rozari kwa sauti ili nisikie mtu anaongea.

Asubuhi ile mama yetu, Léocadie, alikaa kwenye benchi la mbele. Mzungu alinijaribisha kidogo, kisha akairudisha sauti yangu itoke kwenye mashini. Mama alifunika mdomo kwa kitambaa. Nilikuwa nikikaza uzi wa gitaa kwa ajili ya wimbo wenyewe, mlango ukafunguliwa.

Aliingia Placide.

Mwanamke mmoja aliyekuja kusikiliza alitoka kwa dirisha. Wengine walisimama kando ya ukuta. Mama hakulia. Alimwendea polepole, akainama, akamshika miguu kuona kama ina joto.

"Ni mimi, mama," akasema Placide. Kisha akanigeukia mimi, kaka yake. "Yambo, yaya. Nimefika kwa wakati, ao mumekwisha kunizika tena?"

François ndiye aliyeuliza: "Sasa nani alikufa mule ndani?"

"Abedi. Abedi wa kijiji cha Wamaza." Placide alikaa sakafuni. "Alitoroka shamba la pamba la chefu wake, hakukuwa na buku. Siku ile nilikuwa na homa. Nikamuazima buku yangu afanye kazi kwa jina langu, tusikose chakula wote wawili. Mulima ukamuangukia. Na mimi, bila buku, nilikuwa mutu wa kufungwa. Nikakimbilia Uvira."

"Miaka mitatu," nikasema.

"Niliogopa, yaya. Polisi, na pia mama yake Abedi. Halafu dereva mumoja akaniimbia kifo changu kwa jina langu, analia machozi. Nilicheka kwanza. Juma lililopita akaniambia munataka kukitia kwenye sahani." Alitazama mashini. "Ukinitia mule ndani, nitakufa kila siku mutu anapozungusha mukono wa gramafoni."

Mzungu alitazama saa yake, akamwambia François maneno kwa Kifaransa. François akanisogelea. "Anaondoka saa sita kwenda Kindu. Haiko matata kubwa. Ondoa Placide, weka Abedi. Mashini haijui mutu."

Nami, Mungu anisamehe, nilijaribu jina hilo kimya mdomoni. Liliingia vizuri mahali pa lile lingine. Nilitaka ile sahani. Nilitaka sauti yangu iingie katika nyumba za harusi, kwa watu wasionijua sura, wasikie mtu anaimba na wasikumbuke jeneza la nani. Niliomba Bwana anipe dakika tano tu za kutosikia dhamiri. Nikashika gitaa.

"Octave," mama akaita.

"Mama."

"Jina la Placide, nani alikupa uliimbe?"

"Ni weye."

Ilikuwa kweli. Kwetu mwimbaji hajichukulii jina la mfu. Huketi chini mbele ya mama aliyezaa, anaomba, na mama akilitoa kwa mdomo wake ndipo linaimbwa. Siku ile ya matanga nilimwomba, akanipa.

"Na la Abedi, nani alikupa?"

Placide aliinamisha kichwa. "Mama yake anaitwa Subira," akasema. "Madereva wanasema mpaka leo anasimamisha malori, anauliza mutoto wake."

Mzungu alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye kifungo cha mashini. Niliona kidole hicho, nikaona na miaka iliyokuwa mbele yangu, ya baiskeli, ya nyumba zinazolia, ya kulala peke yangu. Nikafanya ishara ya msalaba. Nililaza gitaa juu ya benchi, nikasimama, nikasema kwa sauti ili hata waliokuwa nje wasikie:

"Mimi Octave, mwana wa Léocadie, mbele ya mama yangu, mbele ya ndugu yangu aliye hai, mbele yako François na mzungu wako: wimbo huu hautaingia katika mashini, leo wala siku nyingine. Kesho nakwenda Wamaza pamoja na Placide. Nitaketi chini mbele ya Mama Subira, nimwambie mtoto wake amelala wapi. Akinipa jina la Abedi, nitamwimbia yeye. Akininyima, nitanyamaza."